Mwanafunzi kaniuliza "hii ni picha ya nini?" nikakosa jibu. Naomba msaada kuhusu ekspreshonisimu dhahania

Mwl. Sanaa Moro

Habari za jioni wana jukwaa.

Nafundisha uchoraji sekondari hapa Morogoro, kidato cha tatu. Wiki iliyopita tulifika kwenye ekspreshonisimu dhahania ya Marekani. Nilitoa kwenye intaneti picha ya Jackson Pollock iitwayo Autumn Rhythm, ya mwaka 1950, iliyoko Metropolitan Museum huko New York. Nikaichapisha steshenari, nyeusi na nyeupe, karatasi moja ya A4 kwa kila dawati. Ubaoni nikaandika yale niliyofundishwa chuoni: ilianzia New York miaka ya 1940, wasanii wake hawachori vitu vinavyotambulika, wanaonyesha hisia.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, hizi ni nyaya za umeme?" Nikamwambia hapana. Binti wa mbele akauliza, "Sasa ni picha ya nini?" Nikasema ni picha ya hisia. Akauliza, "Hisia gani?" Hapo nikakwama. Aliuliza kwa nia njema kabisa, alitaka kujua, na mimi sikuwa na cha kumpa. Kengele ikalia tukaachana hivyo.

Imenikaa rohoni. Mwenye kujua anisaidie: kwa nini jambo hili lilizuka New York na kwa nini wakati ule? Mtu anatazama nini kwenye picha kama hii ili ajue ni kazi iliyofanywa kwa akili, si rangi iliyomwagika tu? Na nitaifundishaje wakati hatuna makumbusho na kitabu tulichonacho ni kimoja? Natanguliza shukrani.

Baba Neema

Mwalimu, naomba nisieleweke vibaya, nasema kwa moyo mweupe. Nimewahi kukaa Mwenge nikamtazama mchonga vinyago anahangaika na gogo moja la mpingo wiki tatu, mikono imejaa malengelenge, mwisho analipwa hela ya kula siku chache. Halafu naonyeshwa rangi iliyorushwa kwenye kitambaa naambiwa ni mamilioni ya dola. Neema wangu ana miaka minne, akipewa makopo ya rangi atafanya vile vile. Kama kuna ninachokosa kuona, nionyesheni. Nataka kuona.

Fundi Rangi wa Tanga

Mwalimu, nimekusoma mara mbili, na wewe Baba Neema pia. Mimi si msomi wa sanaa. Ni fundi rangi. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu Ngamiani, Tanga, nikiwa na miaka 15: milango, madirisha, vibao vya maduka. Sasa nipo Bronx, New York, mwaka wa 14 na kazi ni ile ile, kuta za watu. Nitajibu kwa ninachokijua kwa mkono.

Mara ya kwanza kuingia Museum of Modern Art, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya hapa New York, nilipelekwa na mwenzangu wa kazini kutoka Ecuador. Tulimaliza nyumba mapema siku hiyo, nguo bado zina madoa. Tukafika mbele ya One: Number 31, 1950, ya huyo huyo Pollock. Upana wake ni mita 5.3, kimo karibu mita 2.7. Ni ukuta. Watu walikuwa wanasimama mbali, wanatazama kidogo, wanapita. Mimi nilisogea mpaka mlinzi akaanza kuniangalia, kwa sababu niliitambua rangi. Sehemu kubwa ya ile ni rangi ya mafuta ya kopo, rangi ya milango! Ile ile niliyokuwa nikiikoroga kwa kijiti Ngamiani.

Kila fundi anajua kwamba rangi ya mafuta ikituama mahali, inakauka juu kwanza huku chini bado mbichi, halafu ile ngozi ya juu inajikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa. Mjomba alikuwa akiiona mikunjo hiyo kwenye mlango wangu ananirudisha nikwangue nianze upya. Pale makumbusho niliiona kwenye madimbwi madogo ya rangi, mikunjo kabisa. Nikajua kitambaa kilikuwa kimelazwa chini. Rangi nzito namna ile kwenye kitambaa kilichosimama ingeshuka yote.

Sasa tazama nyuzi, maana hapo ndipo jibu la Baba Neema lilipo. Ukichovya kijiti ukaachia rangi idondoke, uzi wake unakutolea siri ya mkono. Ukienda kwa mwendo mmoja, uzi unakuwa na unene mmoja. Ukipunguza mwendo unanenepa. Ukisita, doa. Ukizidisha thina, ile dawa ya kulainishia rangi, uzi unakatika unakuwa matone. Ukipunguza thina, rangi inashuka mabonge mabonge. Pale kuna nyuzi zinazokwenda kutoka ubavu mmoja wa mtu hadi mwingine bila kukatika, zinapinda, zinarudi, na unene wake anautawala yeye. Aliyefanya vile alijua rangi yake ina uzito gani siku ile, na alikuwa anatembea huku anamwaga. Nimeshika brashi zaidi ya miaka 20 na sikuweza kufanya vile nilipojaribu.

Jambo lingine: kitambaa hakikupakwa kitu cha kukiziba kwanza. Kwa hiyo nyeusi nyepesi yenye thina imenywewa na uzi wa kitambaa, imekuwa kama doa la chai kwenye shuka, na ile nzito imekaa juu inang'aa. Ukisogea unaweza kufuatilia: hii ilitangulia, hii ikapita juu yake, kisha akarudi tena na nyeusi akaziba hapa. Kila pita inaonekana. Kwenye ukuta wa nyumba kazi yangu ni kufuta alama ya mkono wangu ili mwenye nyumba asijue nilianzia wapi. Hawa wachoraji waliiacha alama ya mkono iwe ndiyo picha. Nadhani hiyo ndiyo sifa ya kwanza ningemwambia yule binti wa dawati la mbele.

Ya pili ni kwamba hakuna katikati. Kwenye picha tuliyoizoea macho yanatafuta mtu, nyumba, mti. Hapa kila pembe ina uzito sawa, macho hayapewi kiti, yanatembea. Na ya tatu ni ukubwa, ndiyo maana karatasi yako ya A4, Mwalimu, iliwadhulumu wale watoto bila wewe kukusudia. Ile picha inamzidi mtu pande zote. Autumn Rhythm nayo ina upana wa zaidi ya mita 5. Hebu pimeni ukuta wa darasa muone.

Pollock alifanyia kazi kwenye ghala la mbao nyuma ya nyumba yao, kijiji cha Springs, Long Island. Walihamia huko mwishoni mwa 1945, yeye na mkewe Lee Krasner, naye mchoraji hodari kwa haki yake. Hiyo namna ya kumwaga aliishika tangu 1947. Mwaka 1950 mpigapicha Hans Namuth alimpiga picha na filamu akiwa kazini, vijiti na brashi zilizokauka mkononi, anazunguka kitambaa. Nilikwenda kuliona lile ghala kiangazi kimoja. Unavuliwa viatu, unapewa vya kitambaa, kwa sababu sakafu bado ina rangi yake. Alikuja kuifunika kwa hadibodi mwaka 1953, na baada ya miaka mingi ilipong'olewa, rangi zilikuwa chini yake kama alivyoziacha. Nilipiga magoti nikatazama. Kwenye mbao unaona kingo zilizonyooka pale kitambaa kilipoishia, ndani ya kingo mbao tupu, nje yake nyuzi zinaendelea.

Kuhusu chimbuko. Watu husema "hisia" kana kwamba hawa walikuwa matajiri wenye muda wa kuhisi. Walikuwa maskini. Uchumi wa Marekani uliporomoka mwaka 1929, na kuanzia 1935 hadi 1943 serikali iliwaajiri wasanii kwa mshahara wa wiki kupitia Federal Art Project, wachore kuta za umma na picha za ofisi. Pollock alikuwa humo, Krasner humo, na wachoraji wenzao Rothko, Gorky na de Kooning pia. Huko ndiko walikofahamiana, na huko ndiko walikoizoea picha yenye ukubwa wa ukuta, maana wachoraji wa kuta wa Mexico walikuwa wanafanya kazi Marekani wakati huo. Mmoja wao, Siqueiros, alifungua karakana New York mwaka 1936, akawa anajaribu rangi za magari, kuzimwaga, kuzinyunyiza. Pollock alikuwa miongoni mwa vijana waliokuwa pale. Kwa hiyo rangi ya kopo na kumwaga havikushuka kutoka mbinguni 1947.

Kisha Paris ikaanguka mikononi mwa Wajerumani mwaka 1940, na wasanii wengi wa Ulaya wakakimbilia New York: Max Ernst, Masson, Breton, Mondrian. Wasurialisti, yaani wasanii waliofuata ndoto na mawazo yaliyojificha, walikuja na mazoea yao ya kuuachia mkono uende kabla akili haijauamuru. Tajiri mpenda sanaa, Peggy Guggenheim, akafungua nyumba yake ya maonyesho 1942, mwaka uliofuata akampa Pollock dola 150 kwa mwezi na akamwagiza mchoro wa ukuta wa mita 6. Na kulikuwa na chanzo kingine cha pale pale Marekani: Wanavajo, wenyeji wa asili wa nchi ile, wanaochora kwa mchanga, wanaumwaga kwa vidole ardhini. Mwaka 1941 walionyesha kazi yao ndani ya Museum of Modern Art, na Pollock mwenyewe aliwataja alipoeleza kwa nini anapenda kitambaa kiwe chini, aweze kuzunguka pande zote nne na kuwa ndani ya picha.

Wengi wa kundi hili walikuwa wahamiaji. Gorky alikuwa Muarmenia kutoka eneo la Van, mama yake alikufa kwa njaa 1919 baada ya kuwakimbia wauaji wa Waarmenia. Ninayempenda kuliko wote ni Willem de Kooning, na nitakwambia sababu. Alitoka Rotterdam mwaka 1926, akajificha kwenye meli bila karatasi, akashukia Marekani, na kazi yake ya kwanza Hoboken, mji jirani na New York, ilikuwa kupaka nyumba rangi. Fundi mwenzangu! Miaka ya 1940 alipokosa hela alichora kwa rangi ya mafuta ya kopo, nyeusi na nyeupe, kwa sababu ilikuwa rahisi. Alitumia brashi ndefu nyembamba za waandika vibao, kama zile za mjomba. Baadaye alikuwa akibandika magazeti juu ya rangi ili isikauke haraka, apate kuirudia kesho yake. Nenda Metropolitan utazame Easter Monday: gazeti lilipobanduliwa, wino wake ulibaki kwenye rangi, maandishi yamegeuka kinyumenyume. Nilipoyaona nilicheka kwa furaha. Mimi magazeti natandika sakafuni.

Mwalimu, jina lenyewe lilipachikwa na mwandishi wa gazeti la The New Yorker, Robert Coates, mwaka 1946 alipokuwa anaandika kuhusu mchoraji Hans Hofmann. Wachoraji wengi hawakulipenda. Usiwakaririshe watoto jina kabla hawajaona rangi.

Dada wa Likoni

Mwalimu na Fundi, salamu kutoka London. Fundi umenifurahisha sana kwa maelezo yako, ila umeelemea upande wa warushaji. Kuna wenzao waliokwenda njia ya utulivu, na swali la "hisia gani?" mimi nalijibu kupitia kwao.

Mimi ni muuguzi. Asubuhi moja nilitoka zamu ya usiku nikiwa siwezi kwenda kulala, tulikuwa tumempoteza mgonjwa niliyemhudumia siku nyingi. Nikapita makumbusho ya sanaa ya Tate Modern kwa sababu ni bure na kuna joto. Nikaingia chumba cha mchoraji Mark Rothko bila kujua ni nani. Taa hafifu, picha kubwa kuta zote, rangi ya zambarau iliyoiva, nyeusi, na ile nyekundu ya damu iliyokauka. Maumbo yake ni kama madirisha au milango, lakini hayafunguki. Nilikaa kwenye benchi. Mwanzo niliona giza tu. Baada ya dakika kumi hivi macho yakazoea, nikaona kwamba nyeusi ile si moja, kuna nyekundu chini yake inapumua, na kingo za yale maumbo hazijakatwa kwa rula, zinayeyuka. Alikuwa akipaka rangi nyepesi mno, tabaka juu ya tabaka, ndiyo maana mwanga unatoka ndani. Nililia pale, na nilikuwa sijalia usiku kucha.

Baadaye nikasoma habari zake. Alizaliwa 1903 Dvinsk, mji ulioko Latvia ya leo, familia ya Kiyahudi, akafika Marekani mwaka 1913 akiwa mtoto wa karibu miaka kumi. Picha zile aliagizwa 1958 kwa ajili ya mkahawa wa kifahari katika jengo la Seagram, New York. Alikuwa amechora akiwaza ukumbi wa maktaba ya Michelangelo kule Florence, ambao madirisha yake yamezibwa. Mkahawa ulipofunguliwa akaenda kula na mkewe, akaona waliokaa pale, akarudisha pesa na kuzuia picha zake. Tisa kati yake akaipa Tate. Zilifika London tarehe 25 Februari 1970, siku ile ile alipokutwa amekufa kwenye chumba chake cha kazi.

Yeye mwenyewe alisema kinachomshughulisha ni hisia za msingi za binadamu, msiba, furaha iliyopitiliza, maangamizi, na kwamba wanaolia mbele ya picha zake wanapata kile alichokipata yeye akizichora. Kwa hiyo yule binti mwambie hisia gani: ile inayokupata ukikaa nayo muda wa kutosha. Mpe muda kwanza, swali baadaye.

Baba Neema

Fundi, jana nilikuwa na kopo la rangi ya geti limebaki robo. Nikatandika gunia uani, nikachukua kijiti cha fagio, nikajaribu kuvuta uzi wa mita moja tu wenye unene mmoja. Umekatika mara nne. Mara ya tano nikapata uzi mwanzoni na bonge mwishoni. Nimeelewa ulichokuwa unasema, nashukuru.

Nina maswali mawili. Weusi wa Marekani walikuwa wapi wakati haya yanatokea, maana majina yote mliyotaja ni ya wazungu? Na kuna mtu kaniambia mambo haya yote yalikuwa mradi wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Ni kweli?

Kamau Historia

Nijibu la CIA, nalifahamu kwa sababu linatugusa huku kwetu. Mwaka 1950 liliundwa Berlin shirika liitwalo Congress for Cultural Freedom, la kupambana na Ukomunisti kwa njia ya utamaduni. Mwaka 1967 ikathibitika wazi kwamba pesa zake zilitoka CIA kwa siri. Shirika hilo hilo lilisaidia jarida la Transition pale Kampala na kituo cha Chemchemi hapa Nairobi, alichokianzisha mwandishi wa Afrika Kusini, Ezekiel Mphahlele, mwaka 1963. Waandishi wetu wengi walichapishwa au walikutana kupitia milango hiyo, na habari ilipofichuka iliwauma.

Upande wa picha, Museum of Modern Art ilizungusha maonyesho ya The New American Painting katika miji minane ya Ulaya mwaka 1958 na 1959, na wakubwa wa Marekani walifurahi kuyatumia kuonyesha kwamba kwao msanii yuko huru, tofauti na Moscow. Lakini angalia tarehe. Pollock alianza kumwaga 1947, kabla shirika halijazaliwa. Na nyumbani kwao hawakupendwa: mwaka 1949 mbunge George Dondero alisimama bungeni akasema sanaa hii ya kisasa ni njama ya Wakomunisti. Picha zilitumiwa, hilo ni kweli. Kusema zilibuniwa ofisini ni kumnyang'anya mtu jasho lake.

Fundi Rangi wa Tanga

Asante Kamau. Baba Neema, umenigusa kwa kujaribu. Lile bonge linasema rangi yako ni nzito: zidisha thina kidogo, kijiti kiwe kinene zaidi, na usitazame ncha ya kijiti, tazama unakokwenda.

Swali lako la kwanza nililibeba mimi mwenyewe miaka kadhaa, nikawa kila chumba nasoma vibao natafuta. Mtafute mchoraji Norman Lewis. Alizaliwa Harlem, mtaa wa New York, mwaka 1909. Miaka ya 1930 alichora watu wa mtaani kwake, foleni za mkate, watu waliofukuzwa kwenye nyumba. Baada ya vita akaachana na sura za watu akaingia kwenye mistari na ukungu wa rangi, wakati ule ule na akina Pollock. Mwaka 1950 wachoraji hawa walikaa siku tatu mahali paitwapo Studio 35 wakajadili kazi yao, na yeye alikuwa mweusi pekee mezani. Mwaka 1955 picha yake Migrating Birds ilipigiwa kura na watazamaji wa maonyesho makubwa ya Carnegie, Pittsburgh, kuwa ndiyo waliyoipenda zaidi.

Lakini ile picha maarufu ya gazeti la Life ya Januari 1951, wachoraji 15 wamepangwa kama timu, yeye hayumo. Mwanamke ni mmoja tu, Hedda Sterne, amesimama nyuma juu ya meza. Ndiyo picha iliyoingia vitabuni, na watu wakaamini hao ndio waliokuwepo. Maonyesho makubwa ya kazi zote za maisha ya Lewis yalikuja kufanyika Philadelphia mwaka 2015, miaka 36 baada ya kufa kwake. Hilo linaniuma na sitalipunguza makali.

Nilikwenda Washington kwa ndugu yangu, nikapita makumbusho ya Smithsonian kuona kazi ya Lewis. Picha inaitwa Evening Rendezvous, ya mwaka 1962. Nyuma ni giza la kijani na kijivu, kama moshi wa jioni. Katikati kuna alama ndogo ndogo nyeupe, nyekundu, na buluu kidogo. Kwa mbali nilidhani ni watu kwenye sherehe yenye bendera. Nikasogea. Zile nyeupe zina ncha juu. Ni kofia za Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi lililowatesa na kuwaua weusi, na nyekundu ni moto. Hakuchora uso wala mkono hata mmoja, mipigo mifupi ya brashi tu, na mwili wangu ulisisimka kabla akili haijasema neno.

Mwalimu, kwa darasa lako nafikiri hivi. Tafuta kitambaa cha pamba kisicho na dawa, marekani ile ya dukani inatosha, mita mbili au tatu. Usikipake kitu. Kilaze chini. Nunua makopo mawili madogo ya rangi ya mafuta, nyeusi na nyeupe, na thina chupa moja. Fanyieni nje, thina inapanda kichwani. Kikombe kimoja kiwe na rangi nzito, kingine nyepesi. Kila mwanafunzi apite mara moja tu, wengine watazame. Kisha muulize aliyetazama, si aliyemwaga: alianzia wapi, alisita wapi, alikuwa na haraka au la. Wataisoma. Ile nyepesi itanywewa na kitambaa na kuacha duara la mafuta pembeni, mwonyeshe kwamba mchoraji Helen Frankenthaler mwaka 1952, akiwa na miaka 23, alichora Mountains and Sea kwa namna hiyo hiyo ya kuacha rangi inywewe.

Na waambie pia kwamba Edward Saidi Tingatinga, pale Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, alishika rangi ya aina hiyo hiyo ya kopo akachora chui na ndege kwenye hadibodi. Hakujifunza kwa Pollock wala hakuhitaji. Rangi ni ile ile, kila mmoja akaiendesha anakotaka.

Mwl. Sanaa Moro

Wapendwa, nimerudi. Tumefanya jana Jumamosi, nyuma ya bwalo, chini ya mwembe. Walikuja 31. Marekani mita tatu, tumeibana kwa mawe pembe nne.

Mwanzo walicheka, wakamwaga ovyo. Alipopita wa sita hivi wakaanza kunyamaza. Yule kijana wa nyaya za umeme alivua viatu, akatembea pembeni mwa kitambaa kwa mwendo wa polepole, uzi wake mweusi ukatoka upande hadi upande na haukukatika. Wenzake walipiga makofi. Nilipowauliza walichosoma, binti mmoja akanionyesha doa karibu na jiwe akasema, "Hapa Zuhura aliogopa." Zuhura akakubali, alikuwa anaogopa kuharibu uzi wa mwenzake.

Sikuwaandikia kitu ubaoni. Jumatatu tutapima ukuta wa darasa, tuchore kwa chaki ukubwa wa ile Autumn Rhythm, kisha tukae kimya mbele yake kama alivyoshauri dada wa London, halafu ndiyo niwape hadithi ya ghala, ya Hoboken na ya Norman Lewis.

Fundi, swali moja la haraka. Leo nimepita kuangalia. Nyuzi nyembamba zimekauka, ila kuna dimbwi jeupe katikati, juu limekauka na limeanza kujikunja vile vile ulivyosema, nikibonyeza bado linacheza. Naweza kukiinua kitambaa nikitundike?

Fundi Rangi wa Tanga

Usikiinue, Mwalimu, na usibonyeze tena. Chini bado mbichi, ukikisimamisha ile ngozi itapasuka na nyeupe itashuka juu ya kazi ya kijana wako. Kama unaweza kukihamisha kikiwa kimelala, kiweke bwaloni penye hewa, mbali na vumbi. Kipe wiki nzima, na kama ni mvua huko, mbili. Ile mikunjo iache, usiisawazishe.

Na Zuhura mwambie nimemsalimia.